Mazungumzo na Wazazi: Ajali Ina Kinga



Jioni moja, mwishoni mwa mwaka wa masomo, alinijia nyumbani baba mmoja wa mtaa wetu. Ni mtu wa makamo, mwashi kwa kazi yake, asiyependa maneno mengi. Alipokwisha kunywa maji akaniambia: "Mwalimu, nina fedha kidogo niliyoiweka tangu miaka mitatu. Kijana wangu wa kwanza amemaliza masomo, diploma anayo, na kazi hakuna. Kila siku aniambia, 'Baba, ninunulie moto nifanye kazi.' Mama yake amelia siku mbili, asema nataka kununua jeneza. Wewe ndiwe uliyemfundisha. Niambie basi: ninunue, au nisinunue?"

Sikuweza kumjibu usiku ule. Nilimwomba anipe siku chache za kufikiri. Na kwa kuwa najua ya kwamba swali lake laulizwa katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Katuba na Kenya, Ruashi na Kampemba, nimeona yafaa nilijibu hapa mbele ya wazazi wote.

Kwanza niseme juu ya neno lenyewe. Sisi watu wa Lubumbashi pikipiki twaiita moto, kwa kufuata Kifaransa. Ndugu zetu wa pwani wakitusikia hucheka, maana kwao moto ni ule uunguzao. Labda hawakukosa. Moto hupika chakula cha nyumba, na moto uo huo huteketeza nyumba. Naye mwendeshaji wa moto ya kukodiwa twamwita manseba, neno lililotujia kwa ndugu zetu wa Kasai, maana yake mjomba, ndugu wa mama. Nami nauliza: mjomba ni mtu gani? Ni yule anayekabidhiwa mtoto wa dada yake, na mtoto akipatwa na neno, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Jina hilo ni zito kuliko wengi wetu tunavyofikiri.

Tusiwe wepesi kuwalaumu vijana hawa. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, na wazee wetu walikwenda kazini kwa miguu, kisha kwa baiskeli. Lakini mji umekua mno. Leo nyumba zimeenea hata mahali palipokuwa pori, na njia nyingi za pembezoni ni za udongo mwekundu, hazifikiwi na basi. Ni nani ampelekaye mama mwenye uchungu hospitalini usiku? Ni nani achukuaye magunia ya makaa na ndoo za samaki alfajiri? Ni manseba. Watoto wengi walipiwa karo kwa kazi hiyo. Basi mtu akisema, "Moto ni kitu kibaya, tuache," amesema neno jepesi lisilomsaidia mwashi yule wala mwanawe.

Walakini kuna neno jingine jepesi, nalo ni baya zaidi. Kila msiba utokeapo husikia watu matangani wakisema, "Ajali haina kinga." Methali hiyo ni ya kuwafariji wafiwa, nami siikatazi matangani. Lakini tukiitumia asubuhi, kijana anapoondoka nyumbani bila kofia na bila breki, methali hiyo imegeuka kuwa uongo. Ajali nyingi zina kinga. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza ya kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka barabarani, na ya kuwa kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna sababu ya kifo inayowachukua wengi kuliko hiyo. Fahamuni vizuri: si malaria wala si vita. Ni barabara. Vifo hivyo si vya wazee waliochoka. Ni vya wale tunaowalea.

Sasa tuone mambo jinsi yalivyo, kama tunavyofanya darasani.

Mtu akienda kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, kisha akagonga kitu kisichosogea, pigo lake ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 2 na nusu, yaani kama kutoka juu ya ukuta wa nyumba. Akienda kilomita 50 kwa saa, vijana hudhani pigo limeongezeka mara mbili. La! Limeongezeka mara nne. Ni sawa na kuanguka kutoka karibu mita 10, yaani juu ya mwembe mkubwa. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara nne. Ndiyo sheria ya maumbile, haibembelezwi wala haihongwi. Ni mzazi gani ambaye angemwona mwanawe juu ya mwembe, amesimama bila kushika tawi, naye akanyamaza?

Tena kuna jambo la pili. Jicho likiona hatari, mkono haufungi breki papo hapo. Hupita kama sekunde moja hivi. Katika sekunde hiyo moja, kwa mwendo wa kilomita 50, chombo kimekwisha kwenda mita 14, kabla breki haijaanza kazi yake. Mtoto akitokea mbele yako umbali wa mita 10, utamfikia kabla hujaanza kupunguza mwendo. Na ikiwa mkono mmoja umeshika simu, au kichwa kina pombe, hiyo sekunde moja hurefuka.

Jambo la tatu ni uzito. Moto hizi zitokazo Uhindi na Uchina zimetengenezwa kwa watu wawili, mwendeshaji na abiria mmoja. Sisi twapandisha watatu, wanne, na mtoto juu ya tangi la mafuta. Breki ni ileile, magurudumu ni yaleyale, lakini mzigo ni mara mbili. Na yule mtoto aliyewekwa mbele, chombo kikisimama ghafula, ndiye atakayebanwa kati ya usukani na kifua cha mtu mzima.

Hayo ni ya kila nchi. Lakini sisi tuna ya kwetu pia. Barabara kubwa ya taifa namba 1 yapita hapa ikienda Kasumbalesa, mwendo wa kilomita zipatazo 90, na juu yake malori yenye shaba na kobalti hufuatana mchana na usiku. Dereva wa lori refu haoni kilicho karibu na ubavu wake. Kijana anayejipenyeza kati ya malori mawili hudhani anaonekana, kumbe hayupo machoni pa mtu. Tena kwetu twaendesha upande wa kulia, na ng'ambo ya mpaka, Zambia, huendesha upande wa kushoto. Motokaa nyingi zilizoletwa kwetu kwa njia ya kusini na ya Dar es Salaam zina usukani upande wa kulia. Dereva wake akitaka kulipita lori, hana budi kuitoa motokaa nusu nzima barabarani ndipo aone mbele kuna nini. Mara nyingi kilichopo mbele ni moto. Kwa hiyo kijana ajue: taa zake ziwake, akae upande wake, wala asidhani kwamba mwenziwe amemwona.

Kisha twajua majira yetu. Wakati wa kiangazi vumbi la njia za udongo hupofusha macho, na mchanga hutelezesha gurudumu la mbele. Mvua zikianza, mashimo hujaa maji, na shimo la kidole halipambanuki na shimo la goti. Manseba mzoefu hupunguza mwendo mahali asipoona chini. Asiyezoea hujifunza kwa mfupa wake. Wazee walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa methali si mfano; ni habari.

Yafaa sasa niseme juu ya kofia ngumu, ile tuiitayo kaske. Mwaka 1935, huko Uingereza, Mwingereza mmoja mwenye sifa kubwa, T. E. Lawrence, aliyejulikana kwa vita vya Arabuni, alikuwa akiendesha pikipiki yake. Ghafula akawaona mbele yake vijana wawili juu ya baiskeli. Akajaribu kuwaepuka, akaanguka, akaumia kichwa. Hakuwa amevaa kofia. Alilala siku sita bila fahamu, kisha akafa, naye ana miaka 46. Miongoni mwa waganga waliomwangalia alikuwamo mpasuaji wa ubongo, Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia. Cairns hakusema, "Ajali haina kinga." Alianza kuchunguza ajali za askari wapanda pikipiki, akaona ya kwamba waliovaa kofia ngumu walipona vichwa vyao zaidi. Mwaka 1941 aliandika habari hizo, na mwaka uo huo jeshi la Uingereza likaamuru askari wake wa pikipiki wavae kofia. Raia walilazimishwa kwa sheria mwaka 1973 tu. Tazameni jinsi ilivyochukua muda mrefu watu kukubali jambo lililokwisha kujulikana!

Wataalamu waliokusanya uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali walieleza mwaka 2008 ya kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa kadiri ya asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini iwe kofia ya kweli. Ikae sawasawa kichwani, isichezecheze. Kamba ifungwe chini ya kidevu, maana kofia isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini. Iliyopasuka au iliyokwisha kupata pigo kubwa itupwe. Na kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani ili polisi aione, hiyo yaulinda usukani. Tena abiria naye ana kichwa. Katika mji wa Kigali, jirani zetu wamezoea: manseba wao humpa abiria kofia kabla ya kuondoka, na abiria huivaa bila maneno. Wao si malaika. Wamezoea tu, na sheria hufuatwa.

Huenda mtu akasema, "Mwalimu, moto za petroli zitaisha, vyombo vya umeme vinakuja, navyo ni vya polepole." Ni kweli vinakuja. Kigali pikipiki za umeme zimo kazini tangu 2019. Huko Ulaya kuna na trotineti za umeme, vibao vya magurudumu mawili madogo, mtu husimama juu yake. Tusizishangae mno: ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini walikuwa na trotineti yao zamani, chukudu ya mti, yenye kuchukua mamia ya kilo za viazi na makaa mpaka Goma, nayo imejengewa sanamu katika mji ule. Wala tusisahau kwamba betri nyingi za ulimwengu zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia yachimbwa katika nchi yetu, huku Katanga.

Lakini umeme haukuiondoa ile sheria ya mwembe. Mji wa Paris ulikuwa na trotineti za kukodi zipatazo 15,000. Vijana walipanda wawili wawili, wakapita njia za waendao kwa miguu. Mwezi wa Juni 2021 mwanamke mmoja aliyekuwa akitembea kando ya mto aligongwa, akafa. Tarehe 2 Aprili 2023 wenyeji walipiga kura. Waliojitokeza walikuwa wachache, lakini karibu asilimia 90 yao walizikataa za kukodi, na kabla ya Septemba ya mwaka huo zilikuwa zimeondolewa. Kwa zile za watu binafsi, sheria ya Ufaransa yasema: mtu mmoja tu, asiye chini ya miaka 14, na mwendo usipite kilomita 25 kwa saa. Tena chombo cha umeme hakina mlio. Mtoto wa Katuba amezoea kusikia moto ikija kabla ya kuiona. Siku ajapo asiye na mlio, sikio halitamsaidia. Basi tuwafundishe watoto tangu sasa kutazama, si kusikiliza tu.

Nirudi kwa kijana wetu. Siku ya tatu nilimwita tuongee. Nikamweleza haya yote kwa utaratibu, kama mtu aliyesoma. Alinisikiliza kwa heshima, macho chini. Nilipomaliza akasema, "Mwalimu, unisamehe. Siku ya mtihani wa hesabu nilikuona. Ulikuja shuleni juu ya moto, ninyi watatu pamoja na manseba, wewe nyuma kabisa, bila kaske, umeshika mafungu ya mitihani yetu kwa mikono miwili."

Nilinyamaza. Ilikuwa kweli. Mvua ilinyesha, nilichelewa, nikajiambia, "Leo tu." Kila mtu aliyezikwa kwa sababu hiyo alijiambia, "Leo tu." Wazazi wapendwa, mtoto hajifunzi kwa midomo yetu. Hujifunza kwa migongo yetu, atuonapo tukienda. Nilimwambia, "Umesema haki, mwanangu. Nami nimekosa." Ndipo tukaanza kuzungumza kweli.

Akanieleza jambo nisilolijua vema. Alisema, "Mwalimu, watu hudhani tunakimbia kwa ujinga. Wengi wa wenzangu moto si yao. Jioni lazima wampelekee mwenye chombo fedha iliyokatwa, abiria wawepo wasiwepo. Saa kumi ikifika na fedha haijatimia, ndipo mtu hupandisha watatu, ndipo hukimbia, ndipo huendelea mpaka usiku naye amechoka." Nilielewa hapo ya kuwa deni la kila siku ndilo lizungushalo mkono wa mafuta. Na anayeliweka deni hilo ni nani? Si kijana. Ni sisi watu wazima, wenye vyombo, tuketio nyumbani tukihesabu.

Basi nilimwendea baba yule, nikamjibu hivi.

"Baba, sikwambii nunua, wala sikwambii usinunue. Nakwambia utaratibu.

"Kwanza, kijana ajifunze miezi mitatu kwa manseba mzee mwenye sifa njema, katika njia za mtaani, kabla ya kuikaribia barabara ya malori. Apate leseni yake na hati zote za chombo.

"Pili, kabla ya kununua moto, nunua kaske mbili, yake na ya abiria. Ukiona fedha haitoshi kwa kaske, ujue haikutosha kwa moto.

"Tatu, abiria awe mmoja. Mtoto mdogo asikae juu ya tangi.

"Nne, kila asubuhi atazame breki, magurudumu na taa mbele yako wewe. Pombe na kazi visikutane siku moja, na simu ikae mfukoni.

"Tano, na hili ni lako: usimkatie fedha ya kila jioni. Hesabuni pamoja mwisho wa juma. Siku ya mvua kubwa akirudi mikono mitupu, mpokee kwa chakula, usimpokee kwa maswali. Afadhali fedha ichelewe kuliko mtoto."

Mzee alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "La tano ndilo gumu." Nikamjibu, "Ndiyo, baba, kwa maana hayo mengine ni ya kijana."

Kabla sijamaliza, niwape wazazi maneno machache ya siku ya hatari yenyewe. Mkimkuta aliyeanguka, msimwinue kwa mikono na miguu kama gunia, maana uti wa mgongo ukiwa umevunjika mtamlemaza. Msimvue kaske kwa nguvu ikiwa anapumua vizuri. Damu ikitoka, kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi, msiachilie. Mmoja asimame mbali kidogo awazuie wenye motokaa. Na aliyepigwa kichwa, hata akisema "Mimi mzima," akianza kutapika, au kusinzia, au kusema maneno yasiyofuatana, apelekwe hospitalini siku ileile. Wengi walilala nyumbani jioni wakisema kichwa chauma kidogo, wala hawakuamka.

Baba yule alitaka niwaeleze wasomaji jinsi ilivyokuwa. Kijana alijifunza miezi yake mitatu, alinung'unika, lakini alijifunza. Kaske mbili zilikaa juu ya kabati muda wote huo, mama yake akizipangusa vumbi. Moto ilinunuliwa baadaye. Mama bado ana hofu kila jioni, nami simlaumu. Hofu ya mama ni taa ya nyumba, isizimwe.

Juma lililopita nilitoka shuleni jua likiwa kali, nikamwona yupo njiani. Nilimwita. Akasimama, akanisalimu kwa heshima kama zamani. Nilipotaka kupanda akanishika mkono, akanipa kaske ya pili, akasema, "Mwalimu, kwanza funga kamba."

Nikaifunga.